Ndoano ya Siku Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa karakana kabla ya saa ya chai. Nilikuwa nimekuja Bariadi na majivuno yangu kutoka kijijini upande wa Kiloleli, ambako babu yangu alikuwa mhunzi wa majembe na mikuki. Nikapewa kipande cha springi ya lori nitengeneze patasi. Nikakitia motoni, nikakipiga, na ili wenyeji waone kuwa wamepata fundi wa kweli, nikakitumbukiza kwenye pipa la maji kikiwa bado chekundu. Maji yalichemka kwa kelele, kila mtu akageuka kutazama. Nikakiweka kwenye fuawe, nikakigonga kidogo tu kukinyoosha, na patasi yangu ikawa vipande viwili.

Fundi Mkuu alikuwa mtu mrefu wa Kigoma, sauti yake ndogo, na hakuwa na haraka ya kitu chochote. Alikuja akaviokota vile vipande, akavigeuza mbele ya dirisha.

"Nani alikuambia chuma kina kiu?" akauliza.

Watu wakacheka.

"Nenda nje ukakae. Ukipata jibu, rudi uniambie."

Nilikaa juu ya lundo la vyuma chakavu mpaka jua likawa utosini. Jibu sikulipata. Mwishowe nikarudi nikamwambia, "Fundi, sijui." Akatikisa kichwa taratibu, akasema huyu anaweza kufundishika, tatizo ni wale wanaorudi na jibu. Nikaanza kazi mchana ule.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana wa grainda na fimbo za kuchomelea. Msinune. Juzi nilipita kwenye karakana moja hapa mjini nikaona ndoano ya kunyanyulia injini imekatwa kwenye bamba la chuma kwa grainda, ikapakwa rangi nyekundu, ikapendeza. Nikamuuliza mwenyewe, "Hii umeifua?" Akaniambia, "Mzee, siku hizi hatufui." Sikulala vizuri. Nina sababu yangu ya kutolala vizuri kwa ajili ya ndoano, na ndiyo nitakayoieleza, lakini lazima kwanza mjue kilichomo ndani ya chuma.

Kile kipande cha patasi Fundi Mkuu hakukitupa. Alinipa nikitazame pale kilipovunjika. Palikuwa panametameta kama chumvi ya mawe. Akachukua kingine, alichokifua mwenyewe, akakivunja kwenye jiliwa kwa nyundo. Chake kilikuwa na uso wa kijivu laini, kama majivu yaliyochekechwa. Kilikuwa chuma kilekile, cha springi ileile.

"Ndani kuna chembe," akaniambia. "Zimebanana, huzioni mpaka uvunje. Zikiwa kubwa, ufa unapita kirahisi. Zikiwa ndogo, ufa unapotea njia."

Stili ni aloi, maana yake ni mchanganyiko: chuma chenyewe, kaboni kidogo sana, na mara nyingine manganizi au kromu. Kila mchanganyiko una tabia yake motoni, na fundi asiyejua anapika nini ataunguza. Ukikipiga kikiwa baridi, chembe zinabonyea na kurefuka, kinakuwa kigumu, halafu kinachoka na kupasuka. Lakini ukikipiga kikiwa na moto wa kutosha, kila pigo linazivunja chembe za zamani, na kwa kuwa joto lipo, mahali pake zinazaliwa mpya, ndogo na nzima. Hiyo ndiyo maana ya kufua. Watu wanadhani mhunzi anabadilisha umbo. Umbo ni nusu ya kazi, nusu nyingine inafanyika ndani ambako hakuna anayekusifia.

Sasa kiache chuma hichohicho kwenye moto mkali bila kukipiga. Chembe zinaanza kumezana, kubwa inameza ndogo, zinanenepa. Hapo bado unaweza kukiokoa: kiache kipoe, kipashe tena kwa adabu, ukipige vizuri, kitarudi. Ukizidi kukiacha, moto unaingia katikati ya chembe na chembe, mipaka yake yenyewe inaungua, na nyota nyeupe zinaanza kuruka kutoka kwenye makaa. Chuma cha hivyo hakiponi kwa nyundo wala kwa maombi. Unakitupa.

Kwa sababu hiyo sehemu yetu ya kufulia haikuwa na dirisha. Tulihitaji kiza kidogo ili tusome rangi: wekundu wa damu, wekundu wa nyanya, chungwa, manjano, halafu weupe ambao hutakiwi kuufikia. Fundi Mkuu alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia mpaka tukawa tunamwigiza nyuma ya mgongo: "Moto bila nyundo ni uharibifu tu."

Karakana yenyewe ilikuwa ya kiwanda cha kuchambulia pamba, kile tulichokiita jineri. Msimu ukifika, malori yanapanga foleni mpaka barabarani, pamba mbegu inarundikwa uwanjani, na mashine hazitakiwi kusimama. Ikivunjika shafti, tunafua. Ikiisha pini, tunafua. Na kila kitu cha kubeba mzigo kilifuliwa na mkia, yaani kipande cha ziada mwishoni. Kazi ikiisha, Fundi Mkuu anaukata mkia ule, anauvunja, anausoma mbele ya dirisha. Ukiwa wa majivu, kitu kinakwenda kazini. Ukimeta, kinakwenda kwenye lundo la chakavu. Hakuna aliyebisha.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho babu yangu hakuwa nacho, nacho ni feni ya umeme ya kupulizia moto. Babu alitumia mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Mgeni akija, mvutaji anaacha, babu anasimama, wanasalimiana, na moto wenyewe unafifia. Chuma kinapoa kidogo, hakidhuriki. Nimefikiri sana jambo hili uzeeni. Adabu zetu zote za kusalimiana zilikua pamoja na moto unaolala ukiuacha. Feni hailali.

Mtu mwingine mnayepaswa kumjua ni Maduhu. Alikuwa mfungaji wa mizigo, yaani ndiye aliyefunga minyororo, akaita winchi ipande, akauongoza mzigo kwa mikono mpaka ukae mahali pake. Mtu mfupi, mabega mapana, mdomo haupumziki. Kwa kuwa nilioa kwao Nyashimo, aliniita mkwilima, yaani mkwe wa kwao, na kila asubuhi alinidai heshima. "Mkwilima, umeamkaje? Mke wetu unamlisha? Mbona umekonda wewe, isije ikawa unamlisha yeye peke yake." Nilimpenda Maduhu. Niliseme hili mapema kwa sababu mbele linaweza lisiaminike.

Nilikuwa na miaka sita kazini ilipobidi tufue ndoano mpya ya winchi kubwa, ile ya kunyanyulia rola za misumeno ya mashine. Ya zamani ilikuwa imeanza kufunguka mdomo, ndoano ikifunguka mdomo inastaafu. Ilikuwa katikati ya msimu. Nondo ya aloi nzuri ilibaki moja tu. Nyingine ilikuwa imeagizwa Mwanza na haijafika. Meneja wa kiwanda alipita mara mbili kuuliza. Fundi Mkuu akanikabidhi mimi, akaenda chumba cha injini ambako kulikuwa na shida nyingine, na mpiga nyundo mwenzangu akaitwa huko huko. Nikabaki peke yangu na moto.

Ilikuwa asubuhi. Nondo ilikuwa motoni, sehemu ya kupindwa ikiwa katikati ya makaa, mkia ukiwa nje, nimeushika kwa koleo. Rangi ilikuwa chungwa, bado kidogo tu. Hapo nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka."

Sauti ile sikuhitaji kugeuka kuijua. Alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Ng'wandu, amekuja mjini kwa mnada wa ng'ombe na amepitia kumwona mume wa binti yake. Mlinzi wa getini alikuwa amemwonyesha njia.

Kwetu, mkwe hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Unaweka chini ulichoshika, unamsogelea, unainama, na unapokea salamu mpaka mwenyewe aimalize. Na Msukuma wa umri ule haimalizi upesi.

"Mwangaluka, bhabha," nikaitika, nikaweka koleo chini.

"Mhola?"

"Mhola duhu, bhabha."

"Binti yangu Minza?"

"Mzima."

"Watoto?"

"Wazima wote."

"Mvua huku mliipata?"

Nikasema tuliipata. Akasema kwao ilichelewa, mpunga wa bondeni ulinyauka, wa juu ukapona, jambo ambalo hajaliona tangu azaliwe. Akaniambia habari za shemeji zangu mmoja mmoja. Akaniambia habari za ng'ombe mwenye baka usoni aliyepotea akarudi na ndama. Alikuwa na furaha kuniona, mzee wa watu. Na nyuma yangu feni ilikuwa inavuma. Niliisikia. Nataka hilo lieleweke vizuri: niliisikia tangu mwanzo mpaka mwisho. Swichi ilikuwa ukutani, hatua nne. Kuifikia ningempa mkwe mgongo katikati ya maneno yake, na mimi nilikuwa mwanamume wa miaka thelathini ninayeogopa kuitwa asiye na adabu kuliko ninavyoogopa moto.

Alipoaga, nilimsindikiza hatua chache, ndivyo inavyotakiwa. Niliporudi, nyota nyeupe zilikuwa zinaruka kutoka kwenye makaa.

Nilizima feni. Nikasimama. Nondo ilikuwa moja, pamba iko uwanjani, meneja atapita mara ya tatu. Nikajiambia zimeruka chache tu. Nikasubiri rangi ishuke, nikaifua, nikaipinda. Ilipinda vizuri. Lakini mgongoni mwake, pale mzigo unapovuta, palitokea ufa mwembamba kama unywele. Nikauondoa kwa tupa mpaka pakawa laini. Vijana wangu, sijawahi kupiga tupa vizuri namna ile.

Mchana Fundi Mkuu akaja, akaukata mkia, akauvunja, akausogeza dirishani. Mkia ulikuwa wa majivu. Ulikuwa mzuri kuliko mikia yote niliyowahi kumpa, kwa sababu ulikuwa nje ya moto muda wote ule. Yeye hakujua hilo. Akanipiga bega.

"Sasa umeanza kuwa mhunzi," akasema.

Mdomo wangu ulifunguka. Ningesema, yangeisha pale pale. Nikasema, "Asante, Fundi."

Wakaitundika. Injinia wa kiwanda akaijaribu kwa mzigo mzito kuliko wa kawaida, ikashika. Chuma kilichoungua kinaweza kushika mzigo uliotulia. Kinachokishinda ni mshtuko. Hili nilikuwa nalijua, lakini jioni ile nililisahau kwa makusudi, nikaenda nyumbani nikala.

Kwa siku kumi na moja Maduhu alifanya kazi chini ya ndoano yangu. Kila siku nilipata sababu ya kupita pale. Yeye akiniona ananipungia mkono, "Mkwilima, ndoano yako nzuri kuliko sura yako," na mimi nacheka. Siku ya tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwa Fundi Mkuu nikamwomba ruhusa ya kwenda msibani, msiba ambao haukuwepo, kwa kuwa lile nililolijia lilikataa kutoka. Siku ya nane nilimwambia Maduhu asisimame karibu sana na mzigo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Basi tu." Akasema nimeanza kuzeeka.

Siku ya kumi na moja walikuwa wanashusha rola, mnyororo ukakwama kwenye gurudumu kisha ukaachia ghafla. Rola ilishuka kiasi cha shubiri moja, ikavuta. Ndoano haikufunguka, ilikatika. Maduhu aliruka, mwili wote ukatoka isipokuwa mguu wa kushoto.

Nilisikia kishindo nikiwa kwenye fuawe na nikajua kabla sijasikia mtu akilia.

Walimpeleka hospitali. Mfupa wa kifundo ulikuwa umepondeka. Kesho yake lawama ikawa imeshapata mwenyewe: ilisemekana Maduhu alifunga rola mbili kwa pamoja ili awahi, akaizidishia winchi mzigo. Aliyesema alikuwa mbali na hakuona vizuri, lakini meneja alihitaji sababu ya kuandika, na mtu aliyelala hospitali habishi. Barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuchapwa.

Fundi Mkuu akaniita. Mezani kwake kulikuwa na vipande viwili vya ndoano.

"Soma," akasema.

Sikuvigusa.

"Soma, Luhende. Miaka sita nimekufundisha kusoma."

"Chembe ni kubwa," nikasema.

"Na huu weusi mipakani mwake?"

"Imeungua."

"Mkia ulikuwa mzuri. Niliuvunja kwa mkono wangu."

"Mkia ulikuwa nje ya moto, Fundi."

Alikaa. Sijawahi kumwona akikaa wakati wa kazi. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Nikamweleza yote, mkwe, salamu, feni, nyota, ufa, tupa. Nilitegemea atawatukana wakwe zangu na Wasukuma wote na mvua yao. Hakufanya hivyo.

"Mkweo hana kosa," akasema. "Hata salamu haina kosa kubwa. Ungekuja mchana ule ukaniambia nondo imeungua, ningekutukana mpaka jioni, kesho tungekula ugali pamoja." Akakichukua kipande kimoja. "Ndoano njema inafunguka kwanza. Inamwonya mtu, anaona mdomo unaachama, anakimbia. Hii haikumwonya mtu. Na wewe hukumwonya mtu."

Nikawa nalia. Sioni haya kuliandika.

"Saa tisa barua ya Maduhu inasainiwa," akaendelea. "Mimi naweza kwenda na vipande hivi nikasema nondo ililetwa mbovu. Wataniamini, hawataangalia zaidi, Maduhu atabaki kazini na wewe utabaki kazini. Au uende wewe. Sikulazimishi."

Kutoka karakana mpaka ofisi ya meneja ni uwanja mmoja tu wa pamba. Siku ile niliuona mrefu. Nilikuwa na mke na watoto wanne, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kiwanda. Nilikuwa na jina, kwa mara ya kwanza. Na Fundi alikuwa amenipa njia ya kutokea iliyo wazi kabisa, nadhani kwa kusudi aone nitapita wapi. Nikavifunga vipande kwenye kitambaa nikaenda navyo.

Meneja alikuwa na kalamu mkononi. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Akaniuliza, "Unajua unachokisema?" Nikamwambia najua. Akaiweka kalamu chini, akamwita injinia, na barua ile ikachanwa. Ya kwangu ikachapwa kesho yake. Walinisimamisha, kisha baada ya Fundi Mkuu kusema neno lake, wakanihamishia karakana ndogo ya Maswa, pale Binza, kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nilistahili adhabu zaidi ya hiyo.

Kabla ya kuhama nilikwenda hospitali. Maduhu alikuwa ameshaambiwa. Nilikaa kwenye kiti, yeye akatazama ukuta.

"Salamu ya mkwe naielewa," akasema hatimaye. "Hata mimi ningesimama. Lakini siku kumi na moja, Luhende. Nilikuwa nakutania nikiwa chini ya kile kitu, na wewe unacheka, na unajua."

Hakuniita mkwilima. Sikuwa na jibu, na mara hii hakuna aliyeniona wa kufundishika.

Habari ilimfikia Mzee Ng'wandu kijijini. Alikuja Binza kwa miguu yake, akakataa kiti. Aliniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, ungenieleza kuna moto. Mimi ni mtu, ningesubiri." Maneno haya yalinichoma kuliko ya meneja. Miaka yote nilikuwa naogopa kitu ambacho mwenyewe hakukidai. Kisha bila kuniambia alikwenda kwa akina Maduhu na mtamba mmoja wa ng'ombe, akasema salamu yake ndiyo iliyoanza jambo hili, wampokee. Walimpokea. Maduhu aliporudi kazini, akapewa stoo kwa sababu ya mguu, alikunywa maziwa ya ng'ombe yule kwa miaka mingi huku mimi hanisemeshi.

Binza nilikaa miaka mitano. Ni kazi niliyoipenda, kazi ndogo ndogo, mkulima anasimama pale pale akisubiri jembe lake, na likivunjika anarudi kukuambia usoni. Kisha nikahamishiwa Nyashimo, kisha Fundi Mkuu alipostaafu nikarudishwa Bariadi kushika nafasi yake. Siku ya kwanza nilipiga mstari wa rangi nyeupe sakafuni, na mlangoni nikaandika kwa Kiswahili na kwa Kisukuma kwamba chuma kikiwa motoni mgeni asimame nje ya mstari na salamu isubiri. Mikia nikaagiza iwe miwili, mmoja kila upande, na hakuna kazi inayopita kama fundi hajatamka kwa mdomo wake moto ulikwendaje. Wazee wengine walinuna. Walisema Luhende amekuwa mkubwa, haitikii. Ikabidi Jumapili nizunguke majumbani mwao kuwasalimia, nikiwa na muda wote wa dunia, wanipe habari za kila ndama.

Nilistaafu bila sherehe kubwa. Walinipa saa ya ukutani na blanketi. Mikono yangu sasa inatetemeka, kusikia ni kwa sikio moja, lakini nikipita karibu na moto wa mhunzi bado najua rangi yake kwa kuona mwanga ukutani. Mkiniuliza kazi imenifundisha nini, sitawapa maneno mazito. Kilichopashwa kupita kiasi kinaponyeka, ukikirudia mapema. Kwenye chuma nilijua mpaka uko wapi. Kwa Maduhu sikujua kama nimevuka au bado, na ilinichukua miaka mingi kujua.

Binti yangu wa pili ameolewa Nyashimo na kijana fundi. Mkwe wangu huyu anachomelea kama ninyi, lakini nilimlazimisha ajenge na moto wa kufulia, na ana feni. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Maduhu naye amerudi kwao Nyashimo baada ya kustaafu, na siku hizi tunasalimiana, kama majirani wa kawaida wanavyosalimiana. Tulikutana barabarani, yeye na fimbo yake. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia. Akasema, "Twende," na tukaenda polepole kwa ajili ya mguu ule.

Tulipofika mlangoni, kijana alikuwa ameinama motoni. Alikuwa anafua pini ya mkokoteni, rangi ya chungwa, bado kidogo. Akageuka, akaniona mimi baba mkwe wake, na uso wake ukabadilika kwa heshima. Koleo likaanza kushuka chini. Nami, na miaka yangu yote na mstari wangu mweupe, nilisimama pale nikashindwa kutoa sauti.

"Piga chuma, kijana," Maduhu akasema. "Mkweo anasubiri."

Kijana akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akalishika koleo, akaitoa pini, akaipiga. Tulisimama nje ya mlango sisi wawili, Maduhu ameegemea fimbo, tukisikiliza nyundo mpaka ikanyamaza na feni ikazimwa. Kisha kijana akaja akifuta mikono, akainama.

"Mwadila, bhabha," akanipa salamu ya mchana.

"Mwadila," nikaitika, na nikamuuliza habari zote, za mtoto, za mvua, za nyumbani, bila kuruka hata moja. Maduhu alisubiri nimalize. Halafu akanigusa mgongoni kwa ile fimbo.

"Haya, mkwilima," akasema. "Tukakae, mguu wangu umechoka."